Wanawake wa Majumba ya Wafalme wa Zamani

Kuna methali ya pwani isemayo, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Methali hii hutujia moyoni kila tuwasikiapo wasichana wa hapa Buhongwa, warudipo na ndoo za maji kichwani au watokapo shambani jua likichwa, wakisema kwa kutaniana, "Heri ningalizaliwa binti wa mfalme!" Hatuwakemei, kwa maana uchovu ndio usemao hayo. Lakini imetupasa sisi tulio walimu kuwafungulia mlango wa nyumba hiyo wanayoitamani, waingie ndani, watazame. Na kwa kuwa wazazi nao hupenda kusoma habari za kale, tumeona vema tuyaandike hapa yale tuyajuayo.

Hatuna haja ya kwenda mbali. Wazee wa upande huu wajua ya kuwa Mwanga, Kabaka wa Buganda, alipoondolewa katika kiti chake mwezi wa Septemba mwaka wa 1888, alikimbia kwa mtumbwi akalivuka ziwa letu, akafika Magu, na baadaye akapata kimbilio kwa mapadre wa Bukumbi, ambako si mbali sana na hapa kwetu. Mwaka uliofuata akarudi kwao kupigania ufalme wake. Basi Buganda si nchi ya hadithi kwetu. Ni jirani yetu wa ng'ambo ya maji. Tuanze huko.

Jumba la Kabaka lilizungukwa na nyua ndefu za matete, zilizosukwa kwa ustadi mkubwa, ua ndani ya ua, hata mgeni akapotea njia. Ndani ya nyua hizo walikaa wake wa mfalme, nao walikuwa wengi mno, mamia kwa mamia. Kwa nini wengi hivyo? Si kwa anasa peke yake. Katika Buganda kila mtu hufuata ukoo wa baba yake, lakini watoto wa mfalme kwa desturi walihesabiwa katika ukoo wa mama zao. Kwa hiyo kila ukoo ulitumaini kwamba iko siku binti yao atazaa mfalme, na ukoo wote utapata mashamba na vyeo. Wazee wakapeleka mabinti zao jumbani kama mkulima apandavyo mbegu katika shamba la mwenziwe, asijue kama mvua itanyesha. Binti mwenyewe hakuulizwa. Aliingia ua wa matete akiwa msichana, na wengi wao hawakutoka tena.

Msafiri Mwingereza aitwaye Speke, yule aliyeliona ziwa letu hapa Mwanza mwaka wa 1858, alirudi tena katika nchi hizi, akakaa katika jumba la Mutesa mwaka wa 1862. Ameandika jambo moja aliloliona kwa macho yake. Siku hiyo mfalme alikwenda kutembea upande wa ziwa pamoja na wake zake, nao walifurahi kuwa nje. Mmoja wao, kijana na mzuri wa sura, aliona tunda limeiva, akalichuma, akamnyoshea mfalme kwa upendo. Mutesa akawaka hasira. Alisema haijapata kuonekana mwanamke kuthubutu kumpa yeye kitu, akaamuru akamatwe akauawe. Wale wake wengine wakapiga magoti wakimwombea mwenzao, na mfalme akaanza kumpiga yule mke kwa fimbo nzito. Speke akaruka, akaushika mkono wa mfalme, akamwomba amwache. Siku ile mwanamke yule akapona. Lakini Speke ameandika pia ya kuwa aliona wake wengine wakiburutwa kwenda kuuawa, wala hapakuwa na mtu wa kuushika mkono.

Tafakarini jambo hili, ndugu wasomaji. Hapa kwetu mke akimchumia mumewe embe, mume husema asante, na kama hana adabu hula akanyamaza. Mke wa mfalme mkuu alikaribia kufa kwa tunda.

Mtu atasema, "Hao ni wake, waliotoka nje. Je, binti wa mfalme mwenyewe, aliyezaliwa jumbani?" Vema, tumtazame yeye. Katika Buganda mabinti wa mfalme waliitwa bambejja. Walipewa heshima kubwa ajabu, hata watu waliwasalimu kwa neno la kumwitia mwanamume, "ssebo", maana yake bwana. Walikuwa na mashamba na watumishi. Lakini kwa sheria ya kale hawakuruhusiwa kuolewa wala kuzaa, na aliyeivunja sheria hiyo alijitia katika hatari ya kufa. Mume ni mkubwa wa nyumba yake. Basi ni mtu gani katika raia atakayekuwa mkubwa wa damu ya mfalme? Na mtoto wa binti wa mfalme angekuwa nani: mtawala au mtawaliwa? Ili maswali haya yasizuke, mlango wa ndoa ukafungwa, naye binti wa mfalme akaitwa bwana, akanyimwa kuwa mama.

Hata wanawake wawili waliokuwa wakubwa kupita wote walibeba mzigo huo huo. Wa kwanza ni Namasole, mama wa mfalme. Alikuwa na jumba lake, na mawaziri wake wenye vyeo kama vya mawaziri wa mwanawe, na nchi yake mwenyewe. Lakini ilimpasa kukaa kilima kingine, kijito kikiwa katikati, kwa maana wazee walisema wafalme wawili hawakai kilima kimoja; tena hakuruhusiwa kuolewa tena wala kuzaa mtoto mwingine. Wa pili ni Lubuga, dada wa mfalme wa mama mwingine, aliyeketishwa katika enzi pamoja na ndugu yake siku ile ile. Naye pia hakuruhusiwa kuzaa. Mfalme alipokufa, si kwamba nyua zilifunguliwa. Baadhi ya wajane walikaa kulilinda kaburi lake mpaka kufa kwao, na wanawake wa koo zao wakashika nafasi zao. Desturi hiyo yajulikana sana pale Kasubi, alikozikwa Mutesa mwaka wa 1884. Nyumba ile kubwa ya nyasi iliteketea kwa moto mwezi wa Machi mwaka wa 2010, ikajengwa upya.

Katika habari hizi twakutana na mwanamke mmoja ambaye yatupasa kulikumbuka jina lake: Nalumansi, binti wa Mutesa na dada wa Mwanga. Alijifunza kusoma, akabatizwa, akaitwa Clara. Alipowekwa kuwa mlinzi wa kaburi la mfalme wa zamani, kazi ambayo ilipewa mabinti wa ukoo wa kifalme, alizichoma hirizi za mahali pale. Tena alifanya jambo lililowashangaza wakubwa kuliko lile: aliolewa na Mkristo mwenziwe. Mambo hayo yalikuwa mwaka wa 1886, mwaka ule ule ambao vijana wa jumba walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Sisi tuliozoea arusi, ngoma na mahari hatuoni ajabu yo yote msichana akiolewa. Lakini kwa binti wa mfalme wa Buganda, kusema "huyu ndiye mume wangu" kulikuwa kama kubomoa ua wa jumba kwa mikono miwili mchana kweupe.

Wala mtu asidhani ya kuwa damu ya kifalme ilikuwa ngao. Mwaka wa 1889, katika vita vya kugombea kiti, Kalema aliwaua ndugu zake, wana wa mfalme, na mabinti pia. Walionyimwa faida ya kuzaliwa jumbani walilipishwa gharama yake.

Sasa tuvuke tuje upande wa magharibi ya ziwa, Karagwe, kwa mfalme Rumanika. Speke alipopita huko mwaka wa 1861 alikuta desturi nyingine. Wake wa mfalme na wa ndugu zake walinoneshwa kwa maziwa, kwa maana unene ulihesabiwa kuwa uzuri na dalili ya utajiri wa ng'ombe. Alimwona mke wa ndugu wa mfalme aliyenenepa hata hawezi kusimama. Alimwona na msichana wa miaka kumi na sita amekaa na kibuyu cha maziwa kinywani, na baba yake yuko karibu ameshika fimbo, asije akaacha kunywa. Katika nchi hizi zetu njaa imekuja mara nyingi, na mama wengi wamelala bila chakula ili watoto wale. Ni vigumu kwetu kuwahurumia walioshiba. Lakini msichana anyweshwaye kwa fimbo hana raha kuliko anyimwaye kwa fimbo. Wote wawili mwili wao si mali yao. Ukuta wa jumba la Karagwe haukuwa wa matete wala wa mawe. Ulikuwa ni mwili wa mwanamke mwenyewe.

Tuziache nchi za ziwa, twende pwani, kule zilikotoka safari za biashara zilizofika mpaka kwetu. Sultani Said bin Sultan wa Omani aliuhamishia mji wake mkuu Unguja, akajenga jumba Mtoni, ufuoni mwa bahari. Humo alizaliwa mwaka wa 1844 binti aitwaye Salme. Habari zake twazijua vizuri kuliko za wote tuliowataja, kwa sababu aliandika kitabu mwenyewe, kikapigwa chapa Ujerumani mwaka wa 1886.

Ameandika juu ya ua wa Mtoni wenye tausi na bata, hamamu za kuogea, michungwa, na watu wengi kama mji. Baba yake alikuwa na wake wa arusi na masuria wengi, na alipokufa baharini mwaka wa 1856 aliacha watoto thelathini na sita walio hai. Salme alipendwa, alifundishwa kupanda farasi, hakukosa chakula wala mavazi ya hariri. Lakini alipokua, uso wake ulifunikwa kwa barakoa, na asionekane na mwanamume asiye wa jamaa zake. Wanawake wa cheo chake mchana walikaa ndani. Wakitaka kwenda kuamkiana walitoka usiku na watumwa wakiwamulikia kwa taa kubwa.

Mabinti walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Yafaa tuijue sababu ya katazo hili. Asomaye hupokea maneno, lakini aandikaye hupeleka maneno, na neno lililoandikwa laweza kupita mlangoni ambamo mwenyewe hawezi kupita. Salme akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Wanafunzi wetu wanaolalamika kwamba daftari limekwisha, nawaukumbuke mfupa huo.

Elimu ile ilimwingiza katika mambo makubwa. Mwaka wa 1859 ndugu yake Barghash alitaka kumwondoa Majid katika kiti cha usultani. Salme alikuwa bado msichana, lakini alijua kuandika, basi akafanywa karani wa fitina ile. Askari walipoizunguka nyumba ya Barghash, Salme na dada yake Khole walikwenda usiku pamoja na wanawake wengine, wakamtoa ndugu yao katikati yao, naye amejifunika nguo za kike, na askari wasithubutu kuwafunua wanawake wa jumba. Tazameni! Vazi lililowekwa ili kumfungia mwanamke ndilo lililomfungulia mwanamume. Hata hivyo Barghash alishindwa, akapelekwa Bombay, na Salme akabaki na chuki ya ndugu.

Kisha akapendana na Mjerumani mfanyi biashara, jina lake Rudolph Heinrich Ruete, ambaye nyumba yake ilikuwa jirani na nyumba yake mle mjini. Alipopata mimba alijua hatari iliyomkabili, na mwezi wa Agosti mwaka wa 1866 akatoroka usiku katika manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko, tarehe 30 Mei mwaka wa 1867, alibatizwa akaitwa Emily, akaolewa siku ile ile, wakaenda Hamburg. Miaka mitatu baadaye mumewe aliumizwa na gari la reli la mjini, akafa, naye akaachwa mjane na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi asiyoijua. Aliurudia mji wa Unguja mwaka wa 1885 na 1888 akidai urithi wake. Barghash, aliyekuwa sultani sasa, yule aliyetolewa katika nyumba iliyozungukwa na askari, alikataa kumwona. Salme akafa Ujerumani mwaka wa 1924.

Hatusemi habari hizi ili watu washangilie kutoroka kwake. Mwenyewe hakuandika kama mtu aliyetoka gerezani akaingia peponi. Aliwatetea wanawake wa kwao, akasema Wazungu hawawajui. Na upweke alioupata ugenini ulikuwa mkali. Tena kuna jambo lililo chungu zaidi. Mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa Msirkasi aliyenyakuliwa na wanyang'anyi akiwa mtoto mdogo, akauzwa, akaletwa Unguja kuwa suria. Na Salme, mwana wa mtumwa, alipoandika kitabu chake aliutetea utumwa wa nchi zake. Watu wa kwetu, ambao mababu zao waliwaona wenzao wakifungwa minyororo kwenda pwani, hawawezi kulisoma jambo hili bila kuhuzunika. Aliyefungiwa hakuwaona waliofungiwa chini yake, wale walioishika taa mbele yake usiku.

Mambo hayo hayakuwa ya Afrika peke yake. Ng'ambo ya bahari, katika Bara Hindi, wafalme Wamogholi walikuwa na makao ya wanawake yaitwayo zenana. Mwandishi wa mfalme Akbar, Abul Fazl, ameandika ya kuwa wanawake zaidi ya elfu tano walikaa humo, kila mmoja na chumba chake, ndani wakilindwa na wanawake, mlangoni na matowashi, na nje na askari. Jahanara, binti wa Shah Jahan, alikuwa tajiri mkubwa, mwenye kupata mapato ya bandari ya Surat. Lakini hakuolewa, na baba yake alipofungwa na mwanawe mwenyewe katika ngome ya Agra tangu 1658 hata kufa kwake 1666, Jahanara alikaa naye humo akimtunza. Walakini humo humo alitoka Gulbadan, shangazi yake Akbar, aliyeandika kitabu cha habari za ndugu yake Humayun. Na katika Bhopal wanawake wanne walitawala kwa kufuatana tangu 1819 hata 1926.

Twaona basi ya kuwa Buganda, Karagwe, Unguja na Hindi, dini mbalimbali, rangi mbalimbali, walifanya jambo moja. Kwa nini? Kwa sababu katika ufalme wa damu, tumbo la mwanamke ni mlango wa kiti. Atakayeulinda mlango huo ataulinda ufalme. Atakayeuacha wazi atazaliwa mshindani. Kwa hiyo kadiri cheo kilivyokuwa kikubwa, ndivyo komeo lilivyokuwa zito. Heshima waliyopewa ilikuwa ya kweli, lakini ni heshima kama ya hazina: hufunikwa kwa hariri, na hufungwa kwa ufunguo ulio katika mkono wa mwingine.

Hata hivyo haikuwa lazima iwe hivyo. Huku Usukumani tangu zamani utemi ulipita kwa upande wa wanawake, hata mtoto wa dada akamrithi mjomba. Dada wa mtemi hakukatazwa kuzaa, bali alitazamiwa kuzaa. Na kule Unyanyembe, Isike alipokufa mwaka wa 1893, mwanamke, Nyaso, aliwekwa katika kiti. Wazee wetu hawakuwa malaika, na mwanamke wa kijijini alikuwa na mizigo yake, nayo mizito. Lakini desturi zilitungwa na watu, na zilizotungwa na watu zaweza kutunguliwa na watu.

Siku hizi hayupo sultani Unguja, wala watemi hawatawali. Nyua za matete zimeoza. Lakini tujiulize wenyewe, sisi wazazi wa Buhongwa, kama hatukuhifadhi kipande cha ua ule nyumbani mwetu. Baba amtoaye binti yake shuleni ili asije akaharibika, na huku moyoni anahesabu ng'ombe. Kaka afunguaye barua ya dada yake akaisoma kwanza. Mama asemaye kwamba kalamu haipiki ugali: hao wote husema wanamheshimu msichana. Kabaka naye alisema hivyo, na Sultani naye. Wote walimheshimu.

Na ninyi wasichana wetu, mkirudi kutoka ziwani na ndoo kichwani, shingo zikiuma, msimtamani sana binti wa mfalme. Yeye hakulifikia ziwa ila kwa ruhusa. Ninyi mmekwenda kwa miguu yenu, mmeteka, mmecheka na wenzenu, mmerudi. Mkifika nyumbani, tueni maji, kisha mshike kalamu.